Jinsi ya kumjibu mtu anayekutolea maneno bila kupandisha sauti

Mi ni wakala wa miamala ya simu, Mbagala, Dar es Salaam, kibanda changu kiko njiani watu wanapotokea kituoni, huu mwaka wa sita sasa. Kwenye hii kazi haipiti siku bila mtu kukutolea maneno. Mtandao ukigoma unatukanwa wewe, floti, ile hela ya kufanyia miamala, ikiisha unatukanwa wewe, mtu katuma hela namba isiyo yake anakuja dirishani anapiga kelele kama we ndo umezila, na nyuma yake kuna foleni ya watu sita wote wanakuangalia utafanyaje. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na njia mbili tu, ama nanyamaza naumia halafu jioni nikifunga kibanda nalia, ama nalipuka, na nikilipuka nilikuwa natoa maneno mpaka watu wazima wananishika mikono. Ya kwanza ilinipa vidonda vya moyo, ya pili ilinipotezea wateja, maana mtaani watu hawakumbuki nani kaanza, wanakumbuka nani kapiga kelele zaidi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza chapati na maharage pembeni yangu. Siku hiyo kijana kala chapati tatu, kalipia mbili, kuambiwa tu akaanza, "we mama una njaa ya hela sana". Yule mama hakuinua hata shingo, akageuza chapati yake, akasema, "Mwanangu, umekula tatu, umelipa mbili, nakudai moja." Kijana akaongeza maneno mengine. Mama akarudia vilevile, sauti ileile, umekula tatu, umelipa mbili, nakudai moja. Mara ya tatu kijana akatoa hela akaondoka. Nikamuuliza mama, hivi kwani hukukasirika? Akasema kakasirika sana, ila lile neno la kudai analo toka asubuhi kabla hajawasha jiko, hana haja ya kulitafuta wakati ana hasira.

Nililifikiria hilo neno usiku kucha. Kumbe mi sikuwa muoga, na wala sikuwa mkali kwa kuzaliwa, nilikuwa nakosa cha kusema palepale, na mtu akikosa cha kusema anabaki na machozi au matusi. Kwa hiyo haya yote ninayokuelekeza yanarudi hapo hapo, uwe na maneno yako mapema, umeshayasema kwa mdomo wako ukiwa nyumbani umetulia, ili siku ikitokea yatoke yenyewe.

Anza na pumzi

Mtu akikurushia neno baya mwili unachukulia kama umevamiwa, adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mdomo unakauka na sauti inapanda yenyewe hata hujataka. Usijione dhaifu, inamtokea kila mtu. Kinachoshusha haraka ni kutoa pumzi. Wengi tukiambiwa "vuta pumzi" tunavuta nyingi halafu tunaibana kifuani, hapo ndo unazidi kupaniki. We toa taratibu mpaka iishe, iwe ndefu kuliko uliyovuta, mara mbili tatu hivi, na hakuna atakayejua unafanya nini. Mi huwa nafanya nikihesabu noti, mtu akianza kelele nachukua noti zilizopo mezani nazihesabu polepole, macho kwenye noti, pumzi inatoka, nikimaliza kuhesabu sauti yangu imesharudi. Ukiwa jikoni funika sufuria, ukiwa ofisini panga karatasi, tafuta kitu chako cha mkononi cha kukupa zile sekunde tano.

Na usimjibu akiwa katikati ya kufoka. Mwache amalize kabisa. Mtu anayefoka halafu hakuna anayemrudishia anaishiwa maneno mapema sana, anaanza kurudia yaleyale, na ukimya wako unafanya watu waliosimama waanze kumsikiliza yeye anavyosikika.

Sasa maneno yenyewe

Neno zuri la kujitetea nimeona lina vitu vitatu, unamwita kwa heshima, unasema kilichotokea, unasema unachotaka. Basi. Mfano kwa mteja, "Kaka, umeniita mwizi. Muamala wako huu hapa kwenye kitabu na nitakusaidia, ila naomba usiniite hivyo." Kwenye foleni, "Dada, mi nilikuwa hapa kabla yako, naomba nihudumiwe kwanza." Kwa mtu mzima anayefoka, "Mzee wangu, nakusikia vizuri, naomba tuongee bila matusi."

Angalia, hakuna mahali nimemwambia ana tabia mbaya, hakuna "nyie watu ndo mlivyo", hakuna kabila lake wala mama yake. Ukimwambia mtu tabia yake ni mbaya atabishana na wewe mpaka jua lizame, lakini neno alilolitamka sasa hivi hawezi kulikana, foleni nzima imelisikia.

Hapa nataka tukae kidogo kwenye lugha yetu maana kuna vineno vidogo ambavyo ndo vinawasha moto na watu hawavioni. Cha kwanza ni "wewe". Kiswahili hakikulazimishi kusema wewe, ile u ya "umesema" inatosha, kwa hiyo ukiiongeza, "wewe umesema", tayari umemnyooshea kidole. Ukisema "we kaka" umeshamshusha, ukisema "kaka" umemwita tu. Jaribu wiki moja kujibu watu wenye hasira bila kutamka "wewe" hata mara moja, utaona mazungumzo yanavyopoa. Cha pili ni "kwani". "Kwani vipi?" "Kwani we nani?" "Kwani nimekulazimisha?" Hilo neno likikaa mwanzo wa sentensi mbele ya mtu aliyekasirika, hata kama ulikuwa unauliza kwa nia njema, yeye kasikia unamchokoza. Cha tatu ni "eti", na "hebu", ebu niache, ebu toka hapa. Vyote hivi viache kwa ajili ya stori na marafiki.

Halafu kuna "naomba". Nimeshaambiwa na wadogo zangu kwamba nikisema naomba kwa mtu aliyenitukana nimejishusha. Sikubaliani kabisa. Ukiwa dukani ukasema "naomba chenji yangu", unamuomba msaada? Hela si yako? Naomba ni heshima tu, kinachofanya isikike kama unyonge ni ile sauti inayopanda mwishoni kama unauliza, naomba usiniite hivyoo? Ishushe mwishoni, iishie kwenye nukta. Naomba usiniite hivyo. Ukishasema nyamaza, usiongeze maelezo, kila sentensi unayoongeza hapo inampa mlango wa kuingilia. Na "samahani" moja ya kufungulia mazungumzo inatosha, samahani tatu mfululizo na hujakosea kitu zinamfanya aamini kweli umekosea.

Macho nayo. Kwa mtu wa rika lako mwangalie usoni kawaida, siyo kumkodolea. Kwa mtu mzima shusha macho kidogo, ndo tulivyolelewa na hakukupunguzii kitu, ila sauti ibaki imenyooka.

Akiendelea, rudia. Hapa ndo wengi tunakosea, tunadhani kama neno la kwanza halijafanya kazi inabidi tutafute kali zaidi. Hapana, rudia lilelile kwa sauti ileile kama yule mama na chapati zake. Mtu anayetaka ugomvi anahitaji kila mara umpe kitu kipya cha kushika, ukimpa kilekile mara tatu mikono inachoka.

Na hayo maneno yaseme nyumbani kwa sauti, siyo kuyawaza kichwani. Mi nilikuwa nayasema nikiosha vyombo. Mdomo usipoyatamka kabla hautayapata siku ya siku, nakuhakikishia.

Kwenye daladala

Konda naye ana presha zake, kuna hesabu ya bosi jioni, kuna trafiki, kuna abiria wanaoshuka bila kulipa, kwa hiyo mi simchukulii konda kama adui. Lakini chenji yako ni yako. Nauli ilipopanda Desemba 2023 kutoka 500 kwenda 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, chenji ndo ikawa vita kila asubuhi, unatoa elfu moja unarudishiwa mia tatu au unaambiwa subiri mpaka unashuka. Wanafunzi ndo usiseme, wao nauli yao 200 na wanasukumwa mlangoni kama mizigo.

Usianze na "konda mbona mnatuibia". Dai mapema, gari likiwa bado njiani, siyo mguu mmoja uko chini, na taja kiasi, "Konda, nilikupa elfu, nakudai mia nne." Akisema utapata mbele, sema sawa, nakudai mia nne, na vituo viwili kabla ya kushuka rudia. Ukitaja kiasi mapema abiria waliokaa na wewe wanakuwa wameshasikia, na ikifika mahali kakutolea neno kama "shuka na umaskini wako" mara nyingi kuna mama atasema "mpe mwenzio chenji yake twende". Hujagombana, watu wamesema kwa niaba yako. Ila ukianza kutukana wewe, haohao abiria watasema nyie wawili mnatuchelewesha.

Kama konda kakuvuta, kakusukuma au kagoma kabisa, usipambane naye mlangoni gari likiwa linatembea. Shuka salama, andika namba ya gari, ruti na saa, upeleke malalamiko LATRA, hao ndo wanaosimamia usafiri wa ardhini toka 2019 walipochukua nafasi ya SUMATRA. Bila namba ya gari malalamiko yako hayana pa kuanzia.

Ndugu, hasa wakubwa

Hapa ndo pagumu na nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu mteja mkorofi anaondoka, shangazi haondoki.

Mi na mume wangu mwaka wa nne sasa hatujapata mtoto. Kwenye sendofu ya mdogo wangu, tumekaa meza ya familia, shangazi yangu mmoja akaniuliza kwa sauti, "na wewe ubwabwa wa arobaini tutakula lini, au kiwanda kimefungwa?" Watu wakacheka. Wengine wakaangalia sahani zao. Nilihisi masikio yanaungua. Zamani ningetoka nje nikalie, na ingekuwa sherehe ya mdogo wangu imeharibika kwa ajili yangu. Nikatoa pumzi, nikaweka kijiko chini, nikasema, "Shangazi, hilo ni la mimi na mume wangu. Leo naomba tumsherehekee mdogo wangu." Nikachukua jagi nikamuongezea juisi. Hiyo juisi sikuifanya kwa kejeli, nilitaka kila mtu aone bado ni shangazi yangu na bado namuhudumia.

Kwa mkubwa utaratibu ninaoufuata ni huu. Mbele za watu sema kidogo sana, sentensi mbili zinatosha, hata ziwe zimekutoka zikitetemeka. Yale marefu yapeleke pembeni siku nyingine. Na unapoenda anza na shikamoo yako kama kawaida, usiibane, kuna watu wakiudhiwa na mkubwa wanamnyima shikamoo, basi kesi inageuka, haiwi tena alichokufanyia yeye inakuwa wewe huna adabu. Ukishamwamkia umefunga huo mlango. Halafu useme, "Shangazi, nimekuja kwa sababu nakuheshimu. Ulichosema kwenye sendofu kiliniuma. Hilo suala tunalibeba kila siku hospitali. Naomba usiliseme tena mbele za watu." Mweleze lilivyokuuma, usimfundishe tabia. Mtu mzima hapokei kufundishwa na mtoto aliyembeba mgongoni, lakini kuumia anakuelewa maana na yeye ameumia kwenye maisha yake.

Na kama huwezi kwenda mwenyewe, tumia mtu wa kati. Vijana wengi wanaona hiyo ni kuogopa, mi naona ni akili waliyotuachia wazee. Tafuta mtu wa rika lake au aliyemzidi, bibi, mjomba, hata jirani waliyekua naye, mwambie yote, mwombe afikishe. Mi nilimtumia bibi. Sijui waliongea nini huko ndani, shangazi hakuja kuniomba msamaha na sikutegemea aje, ila wiki ileile alinipigia akaniuliza hali, akauliza biashara, akauliza mguu wa mume wangu uliokuwa umeteguka, lile suala hakuligusa na mpaka leo hajaligusa. Kwangu hiyo imetosha.

Kuhusu kuambiwa umenenepa, umekonda, umekuwa mweusi, mi sipambani na kila mmoja, wengine kwao hiyo ndo salamu na hana ubaya wowote. Nasema "nashukuru, na wewe za siku?" tunaendelea. Kama ni yuleyule kila mkikutana hapo ndo namwambia, "Wifi, kila tukikutana tunaanza na mwili wangu, naomba tuanze na salamu."

Mafumbo sasa. Sisi watu wa pwani tuna njia yetu, unanunua kanga yenye jina linalomgusa mtu unaivaa unapita mbele ya mlango wake, au siku hizi unaweka stetasi. Nazipenda sana kanga na majina yake, na najua kuna wakati fumbo lilikuwa njia pekee mwanamke aliyokuwa nayo ya kusema kwenye nyumba yenye watu wengi. Lakini kama unachotaka ni huyo mtu aache, fumbo halikufikishi, maana anaweza kujifanya hajaelewa, au akalipokea ambaye hukumkusudia, mara unasikia mjomba kanuna na hujui kwa nini. Ukitaka aache mwambie yeye, kwa mdomo.

Utani na dharau

"Nakutania tu bwana, mbona unamaindi?" Hili neno limewanyamazisha watu wengi sana na nadhani ni kwa sababu utani kwetu ni kitu cha heshima, mtu anaogopa kuonekana hajui utani. Mpare na Mchaga wanataniana, Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana, mtani anaweza kuja msibani akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea mpaka wafiwa wakacheka wakiwa na machozi. Babu na mjukuu, shemeji na shemeji, hivyohivyo.

Lakini utani una sheria zake. Mtani anajulikana, hajiteui mwenyewe siku moja ofisini. Anachokurushia na wewe una ruhusa ya kumrushia, na atacheka. Na mtani wa kweli siku una shida ndo huwa wa kwanza kufika, anachota maji, anachimba kaburi, anapika. Kwa hiyo mtu akikutolea dharau halafu akajificha kwenye utani jiulize, huyu mi nikimrudishia hivyohivyo mbele ya hawa watu atacheka? Kama jibu ni hapana, mjibu bila hasira, "Kaka, utani naupenda, ila huo wa sura yangu siupendi, tutaniane mengine." Sijawahi kuona mtu mwenye nia njema akikataa hiyo. Anayekataa kakuonyesha nia yake.

Bosi

Kabla ya kibanda nilifanya kazi kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, bosi alikuwa anatuita majina ya wanyama mbele ya wateja. Sikuweza kumwambia kitu, nikaacha kazi. Leo ningefanya tofauti. Nisingemjibu palepale mbele ya wateja, mwenye cheo ukimjibu mbele za watu anatetea cheo chake na siyo kitu kingine. Ningesubiri jioni akifunga hesabu, "Bosi, naomba dakika mbili. Nikikosea kazi niambie, nitarekebisha. Jina uliloniita leo mbele ya mteja limenivunjia heshima, naomba usilitumie." Unakubali kusahihishwa kazi, unakataa kutukanwa, hivyo vitu viwili vitenganishe wazi ili asiseme huyu hataki kuelekezwa.

Halafu andika. Daftari dogo, tarehe, saa, maneno yenyewe alivyoyasema, nani alikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengine ya namna hiyo, na migogoro inapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama umefukuzwa kwa kujitetea, mlango wa CMA uko wazi siku 30 toka umefukuzwa, na watu wengi wanapoteza haki hapo kwa sababu wanakaa nyumbani miezi mitatu wakilia. Daftari lako ndo litakuongelea.

Kwenye grupu

Usijibu usiku. Maneno ya saa tano usiku ukiyasoma asubuhi yanakuwa na ukubwa mwingine. Na usitume voisi ukiwa na hasira, voisi inabeba pumzi yako yote na itazungushwa kwenye magrupu usiyoyajua. Andika, soma mara mbili, futa nusu. Kwenye grupu sema moja tu, "Hilo siyo kweli, na lugha hiyo siikubali. Mwenye swali anipigie", halafu usirudi kujibu hata wakikuita kwa jina. Ukitukanwa vibaya au kutishiwa piga skrini shoti yenye jina, namba na tarehe kabla hajafuta, kisha bloku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa mwenzie, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Kumbuka hiyo sheria inakugusa na wewe ukirudishia matusi, kwa hiyo mikono yako iwe safi.

Wakati wa kutojibu kabisa

Mlevi usimjibu, utakuwa unajibizana na pombe. Mtu anayekusogelea huku anakunja mikono, mtu mwenye kitu mkononi, vijana wanaokuzonga usiku na uko peke yako, hapo heshima yako iko kwenye miguu yako, ingia penye watu na mwanga, kwenye duka, kwa mama lishe, kwenye kijiwe cha bodaboda unachokifahamu. Maneno yako yote uliyofanyia mazoezi ni ya mtu ambaye bado anasikia.

Na kama anayekutolea maneno kila siku ni mtu unayeishi naye na unaanza kumwogopa, usilibebe kama suala la kujibu vizuri. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au anza kwa mjumbe wako ukiona ni rahisi zaidi, na kama ni mtoto piga 116 haina malipo. Matusi ya jirani nayo, yakizidi, mpeleke serikali ya mtaa. Kanuni ya Adhabu inahesabu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa, kifungo mpaka miezi sita, na mara nyingi mtu akishaitwa tu na mwenyekiti anapoa.

Ukishindwa

Utashindwa siku nyingine, hata ujiandae vipi. Mwaka jana kijana wa bodaboda alituma elfu hamsini namba isiyo sahihi, akaja kwangu kusema nimrudishie. Wakala hana uwezo wa kurudisha hela iliyokwenda namba nyingine, hiyo ni kazi ya mtandao wenyewe, inabidi apige huduma kwa wateja haraka kabla aliyeipokea hajaitoa. Nilimweleza, akaniita mwizi na tapeli na mengine, siku hiyo nilikuwa nimeamka na homa, sikutoa pumzi wala sikuhesabu noti, nilimpigia kelele mpaka stendi wakasikia.

Siku mbili nilikuwa najisikia vibaya. Nilichojifunza hapo ni kwamba unaomba msamaha kwa kelele, huombi msamaha kwa haki yako, na hivyo viwili usivichanganye, maana ukichanganya unakubali ulichosingiziwa. Nikamfuata kijiweni kwao, wenzake wapo, maana nilimpigia kelele mbele za watu. Nikamwambia, "Kaka, juzi nilikupigia kelele, hapo nilikosea, naomba unisamehe. Kuhusu hela nilikwambia ukweli, hilo halibadiliki." Akanyamaza, akafutafuta kioo cha pikipiki yake, akasema "poa dada". Nikarudi kibandani. Jioni akaja kutoa elfu ishirini.